Siti ya Bajaji Hujengwa Kuanzia Chini: Namna ya Kuivalisha Upya kwa Pesa Kidogo

Masika ikiingia, siti mbovu haijifichi tena. Abiria anapanda bajaji karibu na kituo cha mwendokasi cha Gerezani, anashuka Buguruni, na suruali yake ya kazini imelowa nyuma. Alipokaa, siti ilionekana kavu. Maji yalikuwa ndani ya sponji tangu mvua ya jana, na uzito wake ndio ulioyakamua. Kesho abiria huyo ataipita bajaji ile ile na kupanda ya nyuma yake, wala hatamwambia dereva sababu.

Kwa dereva, siti ni kifaa cha kazi kama breki na matairi. Hushinda juu yake kutwa, na abiria humlipa akiwa amekaa juu yake. Hata hivyo siti huwa kitu cha mwisho kutengenezwa. Kwanza hubandikwa solotepu, kisha hufunikwa kitambaa, na mwisho hupelekwa kwa fundi ambaye huvalisha leza mpya inayong'aa juu ya uozo ule ule.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja nilivalisha siti za bajaji ya familia kwa leza nyekundu yenye mistari myeupe, kazi ya kupendeza kweli. Sikuuliza kuhusu ndani. Mvua zilipoanza, siti ikaanza kunuka. Tulipoifungua tulikuta sponji ya zamani imemung'unyika kama mkate mkavu, na ubao umeota ukungu mweusi. Leza ilikuwa bado mpya. Tukalipa mara ya pili.

Tangu siku hiyo ushauri wangu kwa kila mwenye bajaji ni mmoja: pesa yako ianzie chini, iende juu. Anza na ubao, fuata sponji, halafu uzi na pini, na leza iwe ya mwisho. Ukikosa pesa ya vyote, punguza urembo wa juu, usipunguze chini.

Kwa nini Gerezani

Gerezani pana nafuu ya peke yake kwa kazi hii, kwa sababu vitu vyote viko karibu. Ni mtaa wa spea na karakana. Mafundi vyuma, wakiwamo wa ushirika wa viwanda vidogo wa DASICO, wanaweza kuchomelea fremu iliyokatika. Kariakoo, yenye maduka ya vitambaa, sponji na gundi, ni mwendo wa miguu. Keko, ambako mafundi wa fenicha ni wengi na vipande vya plaiwudi hupatikana, nako si mbali. Mtu anayejua anachotaka anaweza kukusanya vifaa vyote kwa asubuhi moja. Asiyejua atauziwa kila kitu kwa macho.

Kwanza jua ugonjwa

Kabla ya kutoa hata shilingi, ng'oa siti na uikague. Itachukua dakika kumi tu.

Bonyeza katikati kwa kiganja, kisha uachie. Sponji nzima hurudi papo hapo. Ikibaki na shimo, au ukihisi ubao chini ya kiganja, imekwisha. Geuza siti na uchome ubao kwa ncha ya bisibisi, hasa kwenye kona na kwenye matundu ya nati. Bisibisi ikizama, ubao umeoza. Nusa, kwa maana harufu ya ukungu haidanganyi. Angalia pini: zikiwa na kutu, zitakatika moja moja hata kama leza ni nzima. Mwisho vuta mishono kwa vidole viwili. Uzi ukikatika kirahisi, mpasuko mwingine uko njiani.

Baada ya ukaguzi, kazi yako itaangukia katika moja ya ngazi nne. Ya kwanza ni kiraka: leza imechanika kidogo na ndani ni kuzima. Ya pili ni kubadili leza peke yake. Ya tatu ni leza pamoja na sponji. Ya nne ni kujenga siti upya kuanzia ubao. Usilipie ngazi ya nne kama ugonjwa ni wa pili. Wala usilipie ya pili kama ubao umeoza.

Kiraka kizuri huwekwa kwa ndani. Pitisha kipande cha kitambaa kigumu, kama turubai jembamba, chini ya mpasuko, upake gundi, ulaze kingo za leza juu yake na ukandamize kwa jiwe au tofali usiku kucha. Kiraka kinachobandikwa juu huanza kubanduka pembeni pale nguo za abiria zinapokivuta. Mpasuko ulio kwenye mshono hautibiki kwa gundi. Huo unahitaji cherehani.

Ubao

Siti ya nyuma ya bajaji hubeba abiria watatu. Watu wazima watatu wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 210, na barabara ikiwa na mashimo uzito huo hupiga kama nyundo. Kama siti yako hukaa juu ya ubao, tumia plaiwudi ya milimita 12. Epuka mbao za unga wa mbao uliogandishwa, kama MDF. Zina sura nzuri na bei ndogo, lakini zikinywa maji huvimba na kuachia pini.

Plaiwudi ya kawaida inatosha, alimradi uilinde. Paka rangi ya mafuta mara mbili pande zote, kingo na matundu ya nati yakiwamo, maana huko ndiko maji huingilia. Rangi iliyobaki kwenye kopo nyumbani inafaa, haitaonekana. Toboa matundu matano au sita ya milimita 6 ili unyevu upate njia ya kutokea. Kama siti yako ina fremu ya chuma, piga msasa penye kutu na upake rangi kabla ya kuendelea. Fremu iliyoliwa na kutu hutoboa sponji mpya kutoka chini.

Sponji: beba mizani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu sponji mbaya na nzuri hufanana dukani. Ugumu pekee haukuambii ubora. Kuna sponji ngumu isiyodumu, na kuna sponji laini inayodumu. Kinachoonyesha umri wake ni uzito kwa ujazo, yaani kilo ngapi katika mita moja ya ujazo. Sponji nyepesi ina hewa nyingi na mali kidogo, na hulala baada ya miezi michache. Kwa siti ya biashara tafuta angalau kilo 30.

Unaweza kuipima mwenyewe kwa mizani ya jikoni au ya dukani. Kipande cha sentimita 50 kwa 50, chenye unene wa sentimita 10, kina mita za ujazo 0.025. Kikiwa na gramu 750, gawanya 0.75 kwa 0.025 upate 30. Kikiwa na gramu 400, jibu ni 16, na hiyo ni sponji ya mto wa kuegemea, si ya kukalia watu kutwa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukiomba kupima.

Njia ya kubana matumizi ni kuweka tabaka mbili. Chini weka inchi tatu za sponji ngumu, juu inchi moja ya laini. Kwa tabaka la chini, sponji ile yenye rangi mchanganyiko, iliyotengenezwa kwa vipande vilivyogandishwa pamoja, hufaa sana kwa sababu ni nzito na haibonyei ovyo. Na kama sponji yako imelala katikati tu, huna haja ya kuitupa yote. Kata sehemu mbovu kwa kisu kirefu, upachike kipande kipya na gundi, kisha funika juu kwa tabaka jembamba ili mwili usihisi maungio.

Leza: jua unachonunua

Tunachokiita leza kwa kawaida si ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na plastiki hiyo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni PVC. Ni nzito kidogo, haipitishi maji, na huvumilia kusuguliwa. Ya pili ni PU, laini na nyepesi, inayofanana sana na ngozi halisi. Kwa bajaji chagua PVC. Joto na unyevu wa pwani huivunjavunja PU taratibu, na ndiyo maana tumeona makochi mengi ya Dar es Salaam yakibabuka magamba ingawa hayajachanika. Muulize muuzaji wazi, kisha kunja kipande na ukikwaruze kwa ukucha. Uso ukiacha mikunjo myeupe au ukichubuka, achana nacho.

PVC nayo ina adui yake, ambaye ni jua. Ulaini wake unatokana na mafuta maalumu yaliyochanganywa kiwandani. Jua na joto huyatoa kidogo kidogo hadi leza ikakauka na kupasuka. Kwa hiyo tafuta leza ya kutumika nje au ya vyombo vya usafiri, siyo ya sofa la ndani. Rangi nyeusi kabisa huunguza mapaja mchana, na nyeupe huonyesha kila doa. Kijivu na kahawia ni rangi za mtu anayefanya kazi.

Uzi na pini

Vitu hivi viwili huchukua sehemu ndogo sana ya gharama, na ndivyo vinavyoua siti nyingi. Uzi wa pamba huoza kwa maji. Uzi wa nailoni una nguvu, lakini jua huudhoofisha. Uzi mnene wa poliesta ndio unaostahimili jua letu. Mwambie fundi mshono uwe wa milimita 3 hadi 4. Mshono wa karibu karibu hauongezi nguvu. Hutoboa leza mfululizo mpaka ikachanika kwa mstari ulionyooka, kama karatasi ya stempu.

Pini za stepla ziwe zisizoshika kutu, au angalau zilizopakwa zinki, kwa kuwa hewa ya bahari haina huruma na chuma. Urefu wa milimita 8 hadi 10 unatosha kwa plaiwudi ya milimita 12. Zikizidi hapo zinaweza kutokeza upande wa pili.

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Bei za Kariakoo hubadilika kwa duka na kwa msimu, lakini vipimo vyako havibadiliki. Nenda navyo vimeandikwa, uulize maduka matatu, ndipo ununue. Leza nyingi huwa na upana wa karibu sentimita 137. Kila upande ongeza unene wa sponji na sentimita 5 za kukunjia chini ya ubao.

Tuchukue mfano. Siti ya nyuma ina urefu wa sentimita 105, kina cha 45 na unene wa 10. Urefu unakuwa 105 jumlisha 30, yaani 135, ambao unaingia katika upana wa kitambaa. Kina kinakuwa 45 jumlisha 30, yaani 75. Egemeo la 105 kwa 40 lenye unene wa 6 litahitaji 127 kwa 62. Siti ya dereva ya 45 kwa 40, unene 10, itahitaji 75 kwa 70. Jumlisha 75, 62 na 70 upate sentimita 207. Mita mbili na robo zinatosha seti nzima, na pembeni utabakiwa na kipande cha kukatia viraka vya baadaye. Bila hesabu hii ni rahisi kushawishika kununua mita nne.

Pima pia gharama kwa muda. Kwa mfano, kazi ya shilingi 60,000 inayodumu miezi sita inakugharimu 10,000 kwa mwezi. Kazi ya 120,000 inayodumu miaka miwili inakugharimu 5,000 kwa mwezi. Ile iliyoonekana ghali ndiyo nafuu.

Ukifanya mwenyewe

Kama siti yako ni ya leza iliyokunjwa na kupigwa pini chini, bila mishono mingi, unaweza kuivalisha mwenyewe kwa stepla ya mkono, mkasi, bisibisi, plaizi, futikamba na chaki.

1. Zima injini, iache ipoe, halafu fungua siti. Piga picha kwa simu kila hatua ili ujue nati ipi ilikaa wapi.

2. Ng'oa pini kwa bisibisi bapa na plaizi. Toa leza ya zamani bila kuichana, kwa kuwa ndiyo kielelezo cha kukatia. Kama ina mishono, ifumue na uandike namba kwenye kila kipande.

3. Safisha, tengeneza na upake rangi ubao. Acha ukauke kabisa.

4. Kata sponji ikizidi ubao kwa nusu sentimita kila upande, ili leza ipate cha kubana. Paka gundi kwenye ubao na kwenye sponji, subiri kama dakika kumi hadi ishike kwenye kidole bila kulowesha, ndipo uviunganishe.

5. Laza karatasi ya nailoni juu ya sponji na ubavuni tu. Chini pabaki wazi. Ukiifunga pande zote, maji yakipenya kwenye mshono hayatakuwa na pa kutokea.

6. Anika leza juani dakika chache kabla ya kuivalisha. Ikipata joto hulainika na kunyooka vizuri.

7. Piga pini moja katikati mbele, vuta, piga katikati nyuma, kisha katikati kulia na kushoto. Kutoka hapo sogea kidogo kidogo kuelekea kona, ukibadilisha pande. Anayeanzia kona humaliza na makunyanzi.

8. Kona ziache mwisho. Kunja leza kwa mikunjo midogo midogo, na upunguze iliyozidi upande wa chini kabla ya kupiga pini.

Ukimpa fundi

Hakuna aibu kumpa fundi, na mishono ya pembeni inahitaji cherehani nzito ambayo wengi wetu hatuna. Patana mapema kama bei ni ya kazi tu au kazi na vifaa. Mimi hununua vifaa mwenyewe. Kubaliana naye kwamba utaiona siti kabla haijafunikwa, ubao na sponji vikiwa wazi, na usilipe yote kabla ya hapo. Omba mishono ikae ubavuni, isipite juu mahali pa kukalia, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Ukinunua vifaa dukani dai risiti. Na fundi akikufanyia kazi safi, mlipe kwa wakati na umwambie mwenzako jina lake. Ndivyo mafundi wazuri wanavyobaki mtaani.

Dereva mwenye ulemavu

Jiji letu lina madereva wa bajaji wenye ulemavu wanaojitafutia riziki kila siku, na kwao siti ni suala la afya. Mtu aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi maumivu sehemu za chini. Kunyanzi la leza, mshono mnene au ubao uliobaki wazi unaweza kumfanyia kidonda cha mgandamizo asijue mpaka kimekuwa kikubwa. Siti yake isiwe na mshono wowote mahali pa kukalia. Iwe na tabaka laini nene zaidi juu ya ile ngumu, na leza ivutwe bila makunyanzi. Aikague kila wiki kwa mkono, na ajiinue kwa mikono mara kwa mara akiwa kazini. Siti nzuri husaidia, lakini haiondoi haja ya kupumzisha ngozi.

Gundi, sponji na moto

Kariakoo haijausahau moto wa soko wa Julai 2021. Karakana ndogo zinazoizunguka zina kila sababu ya kujihadhari. Mvuke wa gundi ya mpira hushika moto haraka, na sponji ikiwaka huenea kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu. Fanya kazi mahali penye hewa, pasipo sigara, jiko la mkaa wala fundi wa kuchomelea jirani. Uchomeleaji wote wa fremu uishe kabla sponji haijaletwa. Masalio ya sponji usiyachome uani, watoto wako wasije wakavuta moshi ule.

Pikipiki na magari ya gofu

Kanuni hizi zinafaa kwingine pia. Siti ya bodaboda huvalishwa vivyo hivyo, ila pini huingia kwenye plastiki ngumu, hivyo ziwe fupi zaidi. Na usiongeze sponji hadi miguu ya dereva isifike chini barabara, kwa kuwa pikipiki iliyosimama itamwangukia. Magari madogo ya gofu, kama yanayotumika kwenye viwanja vya Gymkhana na Lugalo, kwa kawaida nayo yana ubao, sponji na leza iliyopigwa pini chini. Anayeyatunza hana haja ya kuagiza siti mpya ng'ambo. Avue ya zamani na ailete mjini.

Kuitunza

Futa siti kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha ikaushe. Usitumie petroli, tina wala dawa ya kung'arishia nguo, kwani hukausha leza na kuipasua. Egesha kivulini inapowezekana. Mpasuko mdogo uuzibe siku hiyo hiyo. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba, ng'oa siti, igeuze na uianike ikiwa imelala kifudifudi upepo uipige tumboni.

Ukiwa umeigeuza hivyo, chukua tena bisibisi na uchome ubao kwenye kona. Ukikuta mgumu, mkavu na rangi yake bado imeshika, rudisha siti mahali pake na uende kazini. Mvua ije, abiria wako atashuka mkavu.